Wanataka nisaini fedha za wajane ziende kwenye paa la kanisa

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 49, mwalimu wa shule ya msingi, Mlutheri wa kuzaliwa. Usharika wetu uko kwenye miteremko ya Mlima Meru. Naomba usitaje jina langu, kwa sababu mume wangu ni mzee wa kanisa na mimi ni mhazini wa usharika. Watu wetu wakisoma watanijua, lakini afadhali wanijue kwa kukisia kuliko kwa jina.

Tunajenga kanisa jipya. Nianze kwa kusema ukweli kwamba tunalihitaji. Lile la zamani walilijenga babu zetu kwa mawe waliyobeba vichwani kutoka mtoni, na Jumapili watu wanabaki nje chini ya maturubai, ibada ya kwanza na ya pili. Mvua ikinyesha, wazee wanalowa. Mchoro wa kwanza ulikuwa jengo la kawaida, kubwa la kututosha. Kisha usharika wa jirani wakazindua la kwao lenye mnara, na mchoro wetu ukarudishwa kwa fundi. Sasa ni minara miwili, roshani ya kwaya, vioo vya rangi madirishani na vigae vya kung'aa. Makisio yalipanda karibu mara mbili. Kwenye mkutano mkuu watu walipiga makofi.

Kila familia ilipangiwa kiwango na kupewa kadi ya ahadi. Kila Jumapili, baada ya matangazo, zinasomwa namba za bahasha za waliomaliza, na kwenye ubao wa matangazo yanabandikwa majina ya ambao bado. Katika jumuiya yetu ya nyumba kwa nyumba, zamani tukishasoma neno tulikuwa tunaulizana nani anaumwa, shamba la nani halijapaliliwa, mtoto wa nani amekosa sare. Siku hizi tukishasoma neno tunasoma salio la ujenzi mpaka saa ya kutawanyika.

Kuna mambo mawili yamenikosesha usingizi. La kwanza ni kijana mmoja wa bodaboda aliyefariki kwa ajali. Niliitwa nilete daftari. Ikaonekana hajawahi kutoa kwenye ujenzi. Familia ikaambiwa mwili hautaingia kanisani mpaka deni lake lilipwe. Ndugu wakachangishana pale pale msibani, mama yake akiwa amekaa chini kwenye mkeka anasikia kila kitu. Nilizipokea zile fedha nikaandika risiti. La pili ni bibi mmoja mjane wa jumuiya yetu anayelea wajukuu. Aliuza mbuzi wake wa maziwa akamaliza ahadi. Namba yake ilisomwa, akasimama, akapigiwa vigelegele. Nyumba yake inavuja. Masika wanahamisha kitanda kila usiku.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Tuna fungu la diakonia, shilingi milioni 6 na kidogo. Ni sadaka ambazo watu walizitoa kwa ajili ya wajane, yatima na wagonjwa. Halmashauri imependekeza "tuliazime" ili tupaue kabla ya mvua, kwa sababu kenchi zimeshapanda na mbao zitaharibika zikinyeshewa. Wanasema tutalirudisha baada ya harambee ya mavuno. Hati inahitaji saini tatu: ya mchungaji, ya katibu na yangu. Mbili zipo. Yangu bado.

Nilipouliza kwenye kikao fedha za wajane zitarudi kwa njia gani, mchungaji alifungua Hagai, pale Mungu anapouliza kama ni wakati wa watu kukaa katika nyumba zilizopambwa na nyumba yake iko katika hali ya kuharibika. Mzee mmoja akasema hata Yuda Iskariote aliwatetea maskini pale Mariamu alipommiminia Bwana marhamu. Watu wakacheka. Mume wangu alikuwepo, hakusema neno. Nyumbani akaniambia, "Mama, saini tu. Mambo ya kanisa hayana ubishi. Utatutia aibu."

Na mimi mwenyewe nadaiwa. Niliahidi milioni 2 mbele ya watu, nimebakiza laki 8. Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho, haoni tena hata kuchambua mboga, na fedha tulizokuwa tunamwekea ndizo zile zile. Mume wangu anasema ahadi kwa Mungu ni nadhiri, Mhubiri amesema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, kwa hiyo mama atasubiri.

Wakati mwingine nafikiri nijiuzulu. Wakati mwingine nafikiri nihamie usharika mwingine nikaabudu kwa amani. Wakati mwingine najiuliza kama kweli nawahurumia maskini au nimechoka tu na hili daftari. Biblia inasema kutii ni bora kuliko dhabihu. Mshauri, kutii ni kupi hapa? Kuwatii viongozi waliowekwa juu yangu, au ni kitu kingine?

Ni mimi,
Mama Mhazini

* * *

Dada yangu Mama Mhazini,

Amina, asifiwe sana. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale ulipoandika kwamba mama wa marehemu alikuwa kwenye mkeka anasikia kila kitu. Pole. Wewe umeniuliza juu ya saini, lakini naona umebeba vitu vinne kwa pamoja: fedha za diakonia, ahadi yako na jicho la mama mkwe, mumeo aliyenyamaza, na huzuni ya kuona usharika uliokulea unasahau kuulizana nani anaumwa. Tukivifunga vyote kwenye saini moja, hiyo saini itakuwa nzito kuliko inavyostahili. Nitajaribu kuvitenganisha, ingawa najua kwako vinauma pamoja.

Naanza na Hagai, maana mchungaji wako hakukosea kumfungua. Neno lile lipo na lina uzito. Watu walirudi kutoka uhamishoni, wakajijengea wenyewe, nyumba ya Bwana ikabaki magofu. Nawe umekiri kwamba wazee wenu wanalowa. Kwa hiyo sidhani kwamba hapa jengo limesimama upande mmoja na utii upande mwingine. Babu zenu waliobeba mawe kutoka mtoni walikuwa wanatii kwa vichwa vyao. Kule Unguja, soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, Waanglikana chini ya Askofu Edward Steere walianza kujenga kanisa papo hapo, mahali ambapo watu walikuwa wakiuzwa. Ni jengo la fahari mpaka leo, na sijui nani angesema lisingejengwa. Kuna wakati mawe na chokaa ni ushuhuda.

Ila Biblia ile ile yenye Hagai ina Yeremia, naye alisimama mlangoni pa hekalu lililokuwa zima, lenye ibada na watu wengi, akawaambia wasiyatumainie maneno ya uongo wakisema, "Hekalu la Bwana, hekalu la Bwana, hekalu la Bwana ndiyo haya." Aliwataka waache kumwonea mgeni, yatima na mjane, ndipo Mungu akae nao mahali pale. Hagai na Yeremia walitumwa na Mungu mmoja kwa watu wenye ugonjwa tofauti. Swali ambalo halmashauri yenu haijajiuliza, na ambalo ningependa mjiulize kwa utulivu, ni ninyi mna ugonjwa upi. Je, ni wa watu wanaojipambia majumba yao huku wakimnyima Mungu? Bibi aliyeuza mbuzi ana nyumba inayovuja. Sijui kama Hagai alikuwa anamsema yeye.

Na Kutoka je? Hema lilipojengwa jangwani, mafundi walimwendea Musa wakamwambia watu wanaleta kupita kiasi, na Musa akapiga mbiu kambini watu wazuiwe wasilete zaidi. Kutoka 36. Sijawahi kusikia andiko hilo likihubiriwa kwenye harambee, na natamani siku moja nilisikie. Lilikuwa jengo lenye kipimo, lilitokana na mioyo iliyopenda, na lilikuwa na mahali pa kusema basi, imetosha. Mchoro wenu wa kwanza ulikuwa na kipimo, nacho ni watu kutolowa. Wa pili ulipimwa kwa mnara wa jirani. Nafikiri hapo ndipo kitu fulani kiligeuka, ingawa kila aliyepiga makofi siku ile alikuwa na nia njema.

Kuhusu Yuda, dada, usilibebe neno lile kwenda nalo nyumbani. Yohana mwenyewe anatueleza kwa nini Yuda alisema vile: alikuwa mwivi, ndiye aliyeshika mfuko, akavichukua vilivyotiwa humo. Wewe ndiye unayeshika mfuko na unataka vilivyomo vibaki vilipokusudiwa. Na yale marhamu yalikuwa mali ya Mariamu mwenyewe, aliyatoa kwa hiari yake. Hakwenda kuazima fedha za wajane ili ayanunue.

Hata hivyo kuna jambo moja naomba ulitazame upya, nalo ni yule bibi. Katika barua yako amekuwa mtu wa kuonewa tu. Inawezekana ni hivyo. Inawezekana pia kwamba siku ile aliposimama akapigiwa vigelegele ilikuwa siku ya heshima kuu kwake, mjane ambaye kila siku anapewa, siku hiyo naye akatoa. Yesu alimwona mjane aliyetia senti mbili akamsifu, wala hakumzuia. Ukienda kumwambia kwamba alionewa, unaweza ukamnyang'anya kitu ambacho mbuzi hakutosha kukinunua. Lakini fungua Marko 12 na usiishie pale tunapoishia siku zote. Mstari mmoja kabla ya habari yake, Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane kisha wanasali sala ndefu. Na mara tu baada yake, mwanzo wa sura ya 13, mwanafunzi anamwambia, "Mwalimu, tazama, yalivyo mawe na majengo haya!" Yesu anajibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Marko amemweka yule mjane katikati ya hayo mawili. Kutoa kwake kulikuwa kuzuri, na waliozipokea zile senti walikuwa na deni la kumtunza. Bibi yenu alitimiza sehemu yake. Nenda ukamsikilize yeye mwenyewe anasemaje kabla hujamsemea kwenye kikao chochote.

Sasa ahadi yako na jicho la mama mkwe. Mumeo ananukuu Mhubiri, na kuheshimu neno lililotamkwa ni jambo jema. Lakini naomba mketi wawili na Marko 7. Kulikuwa na watu waliomwambia baba au mama, "Kitu cho chote kikupasacho kufaidiwa nacho kwangu ni Korbani," maana yake kimewekwa wakfu, na kwa njia hiyo hawakumsaidia tena mzazi. Yesu alisema wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Ni maneno makali, wala sitaki umrushie mumeo kama jiwe. Ni mama yake. Usishangae ukikuta kwamba ukali wake kuhusu nadhiri unafunika aibu ya mtoto wa kiume ambaye hana fedha ya kumtibu mama yake na wakati huo huo anatakiwa awe mfano kwa usharika. Mwulize, kwa sauti ile mnayotumia mkiwa wawili, anaogopa nini hasa. Huenda mkakubaliana kwamba ahadi inabaki ila muda wake unasogezwa, mkamwandikia mchungaji kwamba laki 8 zitakuja baada ya mama kutibiwa. Mtu aliyeahirisha na kutoa taarifa hajavunja neno lake. Hatari ni kwamba jina la mzee wa kanisa litabaki ubaoni miezi kadhaa, na hilo litamchoma yeye kuliko wewe. Usilipuuze. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo, na maneno hayo aliyaandika akiwa anachangisha fedha, kwa hiyo yanawahusu wanaochangisha.

Kwa kuwa wewe ni Mlutheri wa kuzaliwa, niruhusu nikukumbushe kwenu kulianzia wapi. Tarehe 31 Oktoba 1517 pale Wittenberg, Martin Luther alitoa hoja 95. Fedha za vyeti vya msamaha, yaani vyeti vilivyouzwa kwa ahadi ya kuondolewa adhabu ya dhambi, zilikuwa zinakusanywa Ujerumani ili kujenga kanisa jipya la Mtakatifu Petro kule Roma. Tunakumbuka sana habari za msamaha, tunasahau kwamba jengo lilikuwamo katika ugomvi ule. Hoja ya 43 inasema Wakristo wafundishwe kwamba ampaye maskini au kumkopesha mhitaji anafanya vema kuliko anayenunua vyeti. Ya 46 inasema asiye na ziada abaki na kinachohitajika kwa nyumba yake. Na ya 50 inasema kwamba kama Papa angejua jinsi wahubiri wa vyeti wanavyowakamua watu, angeona heri kanisa la Petro liungue liwe majivu kuliko lijengwe kwa ngozi, nyama na mifupa ya kondoo wake.

Sisemi usharika wenu unauza msamaha. Kuchangia ujenzi kwa hiari si sawa na cheti cha Roma, na ukisimama kikaoni ukalinganisha hivyo, utawapoteza hata wanaokuunga mkono moyoni. Lakini mwili wa yule kijana kuzuiliwa nje mpaka deni lilipwe, hapo nasita. Huduma ya neno kwa waliofiwa ikishawekewa bei, tumeusogelea sana ule mlango ambao Luther aliubishia. Ningekuwa mimi, hilo ndilo lingekuwa la kwanza kulipeleka kwa mchungaji, hata kabla ya fedha za diakonia, kwa sababu halihitaji shilingi yoyote kulirekebisha. Linahitaji uamuzi tu. Na inawezekana yeye mwenyewe hajawahi kuambiwa lilivyoonekana kutoka pale mkekani.

Hapo nakuuliza: una hakika gani kwamba mchungaji anataka minara kwa ajili ya sifa? Unamfahamu wewe, mimi simfahamu. Ila wachungaji wengi hulala na hesabu kichwani. Kenchi ziko juu, mvua inakuja, mkandarasi anadai, na mchoro mkubwa ulishangiliwa na mkutano mkuu, si yeye peke yake. Ukimwendea kama mtu aliye taabani utasikia mengine kuliko ukimwendea kama mshtakiwa. Mwendee ofisini, peke yake, kabla ya kikao, na daftari lako.

Nije kwenye saini. Naona njia kadhaa, na kila moja ina gharama.

Unaweza kusaini. Kenchi zitapona, kikao kitapumua, nyumbani kutatulia. Lakini fikiria neno "kuazima". Anayeazimwa ni nani, na ameulizwa? Zile sadaka zilitolewa na watu waliosema hizi ni za wajane. Wenye haki ya kuzibadilishia njia ni waliozitoa, na wanaoumia zisipokuwepo ni wajane, na wote hawakuwa kwenye kikao cha halmashauri. Kuhusu kurudisha, Ivory Coast kuna Basilika la Bikira Maria wa Amani, kule Yamoussoukro, mojawapo ya makanisa makubwa kabisa duniani. Papa Yohane Paulo wa Pili alipokubali kuliweka wakfu mwaka 1990, aliomba hospitali ijengwe karibu yake. Kanisa lilikuwa tayari. Hospitali ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka kufunguliwa. Yapo yaliyochelewesha, vita ikiwamo, na nyie mna milioni 6 tu. Lakini fedha ya maskini ikitangulizwa kwenye zege, kuna kila mara kitu kingine cha haraka mbele ya kuirudisha: baada ya paa kuna vigae, baada ya vigae kuna vioo.

Unaweza kukataa kabisa. Ni haki ya mhazini, kwani saini tatu ziliwekwa ili mtu mmoja aweze kusema hapana. Hatari yake ni kwamba mbao zikioza utaambiwa ni wewe, na mumeo ataulizwa kama ana amri nyumbani kwake. Ujipime kama unaweza kukaa na hilo bila uchungu kukutafuna, na kama mumeo atakuwa upande wako au atakuwa amekatwa vipande viwili.

Unaweza kusaini kwa masharti: kiasi fulani tu, si chote, tarehe ya kurudisha iandikwe kwenye muhtasari, kila makusanyo ya ujenzi ya Jumapili yatolewe sehemu irudi diakonia kwanza, na jambo zima litangazwe kwa washarika ili waliotoa wajue. Njia hii inasikika nzuri, na huenda ndiyo itakayopita. Tatizo lake ni kwamba masharti bila wa kuyasimamia hugeuka maandishi tu, na msimamizi ni wewe. Kama umechoka na daftari kama unavyosema, usijitwishe masharti ambayo huna nguvu ya kuyafuatilia.

Au unaweza kurudisha swali kwa wenye usharika. Kupaua kwa bati la kawaida sasa hivi, minara ingoje, kunahitaji kiasi gani? Mwulize fundi kabla hujauliza kikao. Kama paa linawezekana bila minara na bila fungu la wajane, basi mlichokuwa mnabishania si kenchi, na kila mtu ataona hivyo bila wewe kumtuhumu yeyote. Kama haliwezekani, utajua hilo nawe, na maombi yako yatabadilika.

Kujiuzulu na kuhama nimeviacha mwisho kwa makusudi. Sivikatai. Kuna mahali mtu anabaki mpaka imani yake inaugua, na Mungu hamtaki augue. Ila ukiondoka sasa, hati itasainiwa na atakayekuja, na huenda asiulize ulichouliza. Na ule usharika mwingine wenye amani, sijui kama hauna bahasha. Kama utaamua kuachia nafasi, kabidhi vitabu vyote kwa maandishi mbele ya mashahidi, kwa ajili ya usalama wako, na useme sababu kwa upole mahali panapostahili badala ya kuziacha zitembee sokoni.

Uliniuliza kutii ni kupi. Samweli alimwambia Sauli neno lile la kutii na dhabihu kwa sababu Sauli alikuwa ameambiwa jambo wazi akafanya lingine, kisha akaja na kondoo wa sadaka kulifunika. Viongozi wako wanastahili heshima yako, na heshima hiyo ndiyo inayokutaka uwaambie ukweli wakiwa bado wanaweza kubadili. Siioni kama utii wa aina mbili zinazopigana. Lakini ni wewe utakayekaa kwenye kile kiti siku ile, si mimi, na unajua ni nini umeambiwa wazi na ni nini unakisia. Kuhusu kama ni huruma au ni uchovu, huenda ni vyote viwili, na uchovu wako haufanyi huruma yako iwe ya uongo.

Kuna jambo ambalo halisubiri saini wala kikao. Yakobo anasema dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na jumuiya yenu haihitaji ruhusa ya halmashauri kwenda. Bibi yule anahitaji bati chache na watu wa kupanda juu siku moja ya Jumamosi. Wapo vijana wenye nyundo, wapo kina mama wa kupika, na naamini wapo wengi ambao wamekuwa wakitamani mtu mmoja aulize tena lile swali la zamani, nani anaumwa. Waweza kuuliza wewe wiki hii. Uliza kwanza kama bibi mwenyewe anataka.

Na mama mkwe, ulizia hospitali ya wilaya ratiba ya kliniki za mkoba za macho. Timu za madaktari huzunguka, na mara nyingine gharama ni ndogo kuliko mnavyodhani. Mpelekeni apimwe kabla hamjaendelea kubishana juu ya laki 8, maana hamjui bado inahitajika kiasi gani. Mwambie mumeo amsindikize yeye. Kisha niandikie, hata kama umesaini.

Wako katika Bwana,
Mshauri